Meza ya Mchoraji: De Kooning alimpendea nini Soutine?

Toleo lililopita tuligusia kwamba Willem de Kooning, mmoja wa vinara wa uchoraji dhahania wa New York, alimpenda mno Chaim Soutine, mchoraji wa Paris aliyejulikana kwa kuku waliotundikwa na ng'ombe waliochunwa. Mistari hiyo michache imetuletea barua nyingi, na nyingi kati yake zinauliza habari za mkono na kopo kuliko habari za historia. Tumechagua sita.

Nachora dhahania tupu, mabaka na mistari, hamna mtu wala mti. Mwalimu wangu ananihimiza nimtazame Soutine kwa sababu de Kooning naye alimtazama. Nimetazama, nimeona nyama ya buchani. Alimpendea nini hasa?
*Msomaji, Arusha*

Alimpendea nyama hiyohiyo, ila usiitazame kama mnunuzi.

Soutine alizaliwa 1893 Smilavichy, karibu na Minsk, akafika Paris 1913. Kati ya 1919 na 1922 alikaa zaidi Céret, mji mdogo wa milimani kusini mwa Ufaransa. Huko alichora mandhari ambamo nyumba zinalala ubavu, miti inajisokota, na kilima kinapanda hadi anga linabaki kipande cha ukucha. Baadaye mwenyewe alizichukia picha hizo akaharibu nyingi. Karibu na 1925, akiwa amerudi Paris, alitundika mzoga wa ng'ombe studioni kwake, mawazo yake yakiwa kwa Rembrandt, aliyechora ng'ombe aliyechinjwa mwaka 1655. Picha hiyo iko Louvre. Nyama ilipokauka na kupauka, Soutine aliimwagia damu ili irudiwe na wekundu wake. Majirani walichoshwa na harufu. Watu hupenda kuisimulia habari hiyo kama kichekesho cha mtu mwenye wazimu, lakini kwa mchoraji ina jambo moja la maana: hakutaka kuubuni ule wekundu kichwani. Aliutaka uwe mbele ya macho yake, mbichi.

De Kooning alizaliwa Rotterdam 1904, akasomea sanaa hukohuko, akaingia Marekani 1926 kwa kujificha melini. Mwaka 1950 MoMA, jumba la sanaa ya kisasa la New York, lilifanya maonyesho makubwa ya Soutine, na mwaka huohuo de Kooning alianza picha yake "Woman I". Juni 1952, picha hiyo ikiwa bado inamsumbua, alikwenda na mkewe Elaine, naye mchoraji, hadi Merion, karibu na Philadelphia, Pennsylvania, kuona mkusanyiko wa Albert Barnes, tajiri Mmarekani aliyekusanya picha. Barnes ndiye aliyemtoa Soutine kwenye umaskini kwa kununua zaidi ya picha 50 kwa mpigo katika majira ya baridi ya 1922 na 1923.

Miaka mingi baadaye, katika mazungumzo ya 1977, de Kooning alipoulizwa nani amemgusa, alimtaja Soutine. Alisema huenda ni ule unono wa rangi yenyewe, jinsi Soutine anavyoujenga uso wa picha mpaka uonekane kama kitu halisi, chenye mnofu. Neno mnofu ndilo la kushika. Mwaka 1950 alikuwa amekwisha kusema kwamba rangi ya mafuta ilibuniwa kwa sababu ya mnofu wa binadamu.

Sasa rudi kwenye ng'ombe. Chagua ubavu mmoja tu. Ni mpigo mmoja wa rangi nyeupe yenye umanjano, uliovutwa juu ya wekundu ambao haujakauka. Brashi imesomba wekundu njiani, kwa hiyo kingo za mpigo zimekuwa za waridi bila waridi kuchanganywa pembeni. Mpigo una urefu wa ubavu, unajipinda pale ubavu unapojipinda, na unakonda pale brashi ilipoishiwa. Ondoa jina "ubavu", mpigo bado unasimama wenyewe: una mwanzo, uzito na mwisho. Hicho ndicho mchoraji dhahania anachokiona, na ndicho de Kooning aliondoka nacho. Mtazame katika picha zake za miaka ya 1970, kama "...Whose Name Was Writ in Water" ya 1975: hamna mtu wala mzoga, lakini rangi ina mafuta, ina mikunjo, inateleza na kukwama kama kitu chenye mwili.

Usitafute kufanana kwa maumbo. Hata namna ya kufanya kazi walitofautiana. Soutine alihitaji kitu mbele yake, akaenda moja kwa moja kwa brashi. De Kooning alichora kwa mkaa, akahamisha michoro kwa karatasi ya kupitishia, akakata vipande na kuvihamisha huku na huku, na "Woman I" aliikwangua na kuianza upya mara nyingi kwa takriban miaka miwili. Na wanaosema Soutine alirusha rangi kwa hasira hawajaitazama picha yake kwa dakika kumi. Hasira haiwezi kuweka ubavu wa nne sambamba na wa tatu.

Sitafika Philadelphia wala Paris. Nina simu, na mara mojamoja kompyuta ya saiba. Picha za namna hii zitazamwe vipi?
*Msomaji, Mombasa*

Anza na ukubwa, maana simu huifanya kila picha itoshe kiganja. "Woman I" ina sentimita 193 kwa 147: karibu urefu wa mlango, na upana unaokaribia milango miwili. Ng'ombe wa Soutine aliyeko jumba la Grenoble ana sentimita 202 kwa 114. Chora mistatili hiyo kwa chaki ukutani, simama mbele yake, kisha ndiyo ufungue simu. Utaelewa mara moja kwamba mpigo unaouona kama uzi ulifanywa kwa bega, si kwa vidole.

Tumia tovuti ya jumba lenye picha, kwa mfano Barnes au MoMA, kwa sababu picha zake hukuzwa sana bila kuvunjika. Kuza hadi uone eneo dogo tu, lenye mipigo kumi au kumi na mitano. Tafuta mahali mipigo miwili inapokatana. Ule ambao kingo zake hazijakatika ndio uliokuja mwisho. Kama wa juu umeburuta rangi ya wa chini, wa chini ulikuwa mbichi. Kama wa juu umerukaruka juu ya vilima vya wa chini na kuacha matundu, wa chini ulikuwa umekauka, pengine kwa siku kadhaa. Kwa alama hizi mbili tu unaweza kujua ni sehemu gani ilichorwa kwa kikao kimoja na ipi ilirudiwa. Ziandike kwa namba kwenye karatasi: kwanza, pili, tatu.

Halafu igeuze picha juu chini, uitoe rangi iwe nyeusi na nyeupe. Picha nyingi nyekundu za wanafunzi zikifanywa hivyo hubaki kijivu kimoja. Za Soutine hubaki na giza na mwanga wake. Wekundu unalewesha jicho. Usiuamini peke yake, na hasa usiuamini wa kwenye simu, ambao huwa umekolezwa.

Nikipaka mbichi juu ya mbichi, baada ya nusu saa picha nzima inakuwa tope la kahawia. Soutine alifanyaje zisichafuke?
*Msomaji, Mwanza*

Tope lina sababu nne, na kwa kawaida zinakuja pamoja: tabaka la chini ni nene mno, brashi haifutwi, mpigo unarudiwa mara tatu nne mahali pamoja, na rangi zinazokutana ni pinzani, kama nyekundu na kijani.

Tabaka la kwanza liwe jembamba. Punguza rangi kwa tapentaini kidogo, ipake, kisha ifute kwa kitambaa hadi uone nyuzi za turubai. Iache dakika 20 au 30 tapentaini ipae. Rangi inayofuata iwe nzito kuliko hiyo, moja kwa moja kutoka kwenye tyubu. Nzito juu ya nyembamba hukaa. Nyembamba juu ya nzito mbichi huchimba, na kuchimba ndiko kunakozaa tope. Jaza brashi upande mmoja, ilaze karibu na turubai, vuta mara moja, inua. Usirudi. Futa brashi kwa kitambaa kila baada ya mpigo, kila mpigo, hata kama inachosha. Tenga brashi nane: mbili za nyekundu, mbili za nyeupe na manjano, mbili za bluu na kijani, zilizobaki za giza. Msomaji anayefanya kazi na brashi mbili na chupa moja ya tapentaini iliyochafuka asitafute kosa pengine.

Pakichafuka, usiongeze rangi safi juu ya tope ukitumaini litashindwa. Litashinda lenyewe. Chukua kisu cha paleti, kwangua hadi kwenye kitambaa, futa, anza eneo hilo tena. De Kooning alikwangua hivyo kwa miongo, na alama za rangi ya jana zilizobaki chini ya kisu zilimfaa kuliko turubai nyeupe.

Kuna jambo la pesa ndani ya swali lako ingawa hukuliuliza. Wengi huona picha ya Soutine na kudhani ni nene kila mahali. Piga hesabu: turubai ya sentimita 60 kwa 80, ikipakwa unene wa milimita 2 kote, inakula mililita 960. Hizo ni tyubu 24 za mililita 40 kwa picha moja! Unene uwe sehemu ya kumi ya uso, pale unapotaka jicho likwame, na tyubu mbili na nusu zitatosha kwa sehemu hiyo. Kwingine rangi iwe nyembamba. Unene hauonekani usipokuwa na wembamba kando yake.

Angalia pia kitambaa chako. Wanaotumia amerikani na kuipaka rangi ya maji ya ukutani badala ya jeso (rangi nyeupe ya kuandalia kitambaa) hupata uso unaonyonya mafuta kama chaki. Rangi inapauka ndani ya siku mbili na mipigo inakwama katikati ya safari. Kaza amerikani kwenye fremu, paka jeso ya akriliki mara tatu, kila tabaka likauke, piga msasa laini kati ya tabaka. Usipake rangi ya mafuta kwenye kitambaa kitupu: mafuta hukiozesha.

Nimesikia de Kooning alichanganya rangi na maji na mafuta ya kupikia. Ni kweli? Nami nina alizeti ya Singida tele.
*Msomaji, Dodoma*

Karibu na kweli. Alipohamia Springs, nje ya mji wa New York, miaka ya 1960, alikuwa akiweka rangi ya tyubu kwenye mabakuli, akaongeza mafuta ya safulawa (mmea wa miiba wa jamii moja na alizeti), maji na kiyeyushi, akapiga mpaka mchanganyiko uumuke kama mayonezi. Safulawa hukauka polepole kuliko mafuta ya kitani, kwa hiyo rangi ilibaki mbichi kwa siku nyingi, na kwa kuwa ilikuwa laini na inateleza, brashi pana ilipita mkono wote bila kukwama. Alitaka muda wa kubadili mawazo.

Gharama yake inaonekana leo. Baadhi ya picha hizo zimekunjamana au kuwa na malengelenge, na baadhi zimebaki laini kwa miongo. Jumba kubwa lina wataalamu wa kuzitunza. Wewe una sebule yenye vumbi.

Alizeti ya jikoni hatukushauri kuitumia kabla ya kuipima. Mafuta ya alizeti hukauka nusunusu, na kuna aina za mbegu ambazo mafuta yake hayakauki kabisa. Paka tone moja jembamba kwenye kioo, weka mahali penye mwanga na hewa, pasipo vumbi. Kando yake paka mafuta ya kitani ya wachoraji. Ya kitani yatakauka kidoleni kwa siku kadhaa hadi wiki au zaidi kidogo. Kama alizeti bado inanata baada ya wiki tatu, irudishe kwenye kikaango.

Ukitaka rangi ya kuteleza isiyo na hatari hiyo, changanya vijiko vinne vya chai vya rangi na kisichozidi kijiko kimoja cha mafuta ya kitani au safulawa ya wachoraji. Zaidi ya hapo ngozi ya juu hukauka kwanza na kukunjamana. Ukitaka muda zaidi, dawa iko Pemba: mafuta ya karafuu huchelewesha kukauka. Yasiingie kwenye rangi moja kwa moja, kwa maana yakizidi hulainisha rangi na kuitia weusi. Weka matone matatu manne kwenye pamba, weka pamba pembeni ya sanduku lenye mfuniko pamoja na paleti yako, funga. Mvuke wake utaiweka rangi mbichi hadi kesho na kesho kutwa.

Na vitambaa vilivyoloa mafuta ya kitani usivifinyange ukavitupa kwenye kapu. Vinapokauka hutoa joto, na vikiwa vimebanwa vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja au vitumbukize kwenye ndoo ya maji.

Fundi wangu wa Tingatinga anasema de Kooning naye alitumia rangi za kopo. Je, naweza kuanza na ya kopo, nikamalizia na ya tyubu?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Fundi wako ana haki. Picha nyeusi na nyeupe ambazo de Kooning alionyesha New York mwaka 1948, katika maonyesho yake ya kwanza ya peke yake, zina enameli ya nyumbani ndani yake, na sababu kubwa ilikuwa bei. Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar miaka ya 1960, kopo la dukani na ubao vilikuwa na mantiki ileile.

Shida ni jina. Dukani ukisema "rangi ya mafuta" utapewa enameli ya milango, ambayo hukauka juujuu kwa saa chache, ikawa ngumu na ya kung'aa. Ya tyubu ni kitu kingine: huchukua siku au wiki, na ikiwa nene huchukua miezi. Kopo chini, tyubu juu inawezekana: iache enameli ikauke wiki mbili au zaidi, piga msasa namba 220 hadi mng'ao ufe, futa vumbi, kisha paka. Bila msasa rangi haina pa kushika na itabanduka kama gamba. Kinyume chake usijaribu. Enameli ngumu juu ya rangi nene ya tyubu itapasuka, kwa sababu ya chini bado inajongea.

Kwa tyubu zenyewe, kumbuka kwamba hazikauki sawa. Amba, ile kahawia ya udongo, hukauka haraka, ikae chini. Nyeusi ya mfupa na nyekundu za kadimiamu huchelewa, zikae juu.

Kumpenda mchoraji mwingine hivi si kumwiga?
*Msomaji, Nairobi*

Soutine alimtazama Rembrandt na matokeo si Rembrandt. Iga mchana kutwa ukitaka, kwenye karatasi, mpigo kwa mpigo, bila kutia sahihi. Ukiiga ng'ombe utabaki na ng'ombe. Ukiiga mpangilio wa mipigo, nini kilitangulia na kipi kilikuwa kibichi, utapata kitu unachoweza kukitumia kwenye mabaka yako. Na kwa wale wawili waliotuuliza kama Soutine mwenyewe alikuwa mdhahania: hapana. Hakuacha kuchora vitu hadi alipofariki Agosti 1943. Msomaji huyohuyo wa Nairobi ameona herufi za gazeti kinyumenyume katika "Gotham News", picha ya de Kooning ya 1955, anauliza ziliingiaje. De Kooning alikuwa akilaza magazeti juu ya rangi mbichi ili isikauke haraka. Alipoyabandua, wino ulibaki, naye akauacha. Kujaribu: rangi iwe mbichi lakini isiwe nene kupita milimita moja, laza gazeti, lisawazishe kwa kiganja bila kukandamiza, liache usiku mmoja, kisha libandue polepole ukianzia kona, karatasi ikiwa imelala karibu na turubai. Ukilivuta wima litaondoka na rangi yako.